Kusoma China: mwaka mmoja wa lugha unaoamua hatima ya shahada

Kijana wa Kigali, Bujumbura au Kampala anayepata ufadhili wa serikali ya China ili akasomee uhandisi wa ujenzi kwa Kichina haanzi na uhandisi. Huanza na kutamka. Mwaka wake wa kwanza ugenini huutumia akirudia silabi moja kwa sauti nne tofauti, akiandika herufi ileile mara ishirini katika daftari la miraba, na akijiandaa kwa mtihani utakaoamua iwapo ataingia kitivo cha uhandisi au atarudi nyumbani na sanduku lake.

Nyumbani, mwaka huo huhesabiwa kuwa utangulizi tu. Jamaa huuliza mtoto atahitimu lini na atarudi na cheti gani. Ni wachache wanaouliza ataelewaje mhadhara wa hisabati katika lugha ambayo miezi kumi iliyopita hakujua hata salamu yake. Na hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Cheti cha lugha anachokipata mwishoni mwa mwaka humruhusu kuketi darasani. Kuelewa kinachosemwa humo ni kazi nyingine, nayo mara nyingi huendelea hadi mwaka wa pili na wa tatu wa shahada.

Ufadhili wenye sharti

Kwa mujibu wa wizara ya elimu ya China, mwaka 2018 nchi hiyo ilikuwa na wanafunzi wa kigeni 492,185, na kati yao 81,562 walitoka Afrika. Waliokuwa wakisoma kwa ufadhili wa serikali ya China, kutoka mabara yote, walikuwa 63,041, yaani takriban 13 kwa kila mia. Waliosalia walijilipia wenyewe au walifadhiliwa kwa njia nyingine. Takwimu hizo zafaa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba kusoma China ni bure. Mwaka huohuo, katika mkutano wa kilele wa ushirikiano kati ya China na Afrika uliofanyika Beijing, China iliahidi nafasi 50,000 za ufadhili kwa Waafrika katika kipindi cha miaka mitatu.

Kwa anayepata ufadhili kamili wa shahada ya kwanza, ada na malazi hulipwa, bima ya afya hulipwa, na posho ya yuan 2,500 hutolewa kila mwezi. Lakini tangu Septemba 2010, mwanafunzi wa ngazi hiyo anayekwenda kusoma kwa Kichina bila kuwa na umahiri unaotakiwa hulazimika kupitia kwanza mafunzo ya maandalizi ya mwaka mmoja, na wakati mwingine hadi miwili. Asipofikia kiwango, ufadhili wake husitishwa.

Mafunzo hayo hutolewa na vyuo vilivyoteuliwa. Miongoni mwake ni Chuo Kikuu cha Tianjin, Chuo Kikuu cha Tongji kilichoko Shanghai, Chuo Kikuu cha Shandong, na Chuo Kikuu cha Lugha na Utamaduni cha Beijing, ambacho kilianzishwa mwaka 1962 na kimepokea wageni wa kila bara tangu hapo. Asubuhi nzima, siku tano za wiki, huwa ni lugha: kusikiliza, kuzungumza, kusoma, kuandika. Anayeelekea sayansi na uhandisi huongezewa hisabati, fizikia na kemia kwa Kichina, na hapo hugundua kwamba mambo aliyoyafahamu vizuri katika shule ya sekondari yamegeuka mageni kwa sababu yamebadilishiwa majina.

Maneno 1,200

Kipimo kikuu cha umahiri ni mtihani ujulikanao kwa kifupi HSK. Katika muundo ulioanza kutumika mwaka 2010, ngazi ya kwanza inahitaji maneno 150, ya pili 300, ya tatu 600, ya nne 1,200, ya tano 2,500, na ya sita 5,000 au zaidi. Vyuo vingi humpokea mwanafunzi wa shahada ya kwanza akiwa na ngazi ya nne. Baadhi, hasa kwa masomo yanayotegemea sana maandishi, huomba ya tano.

Ngazi ya nne hufanywa kwa maswali 100: ya kusikiliza 45, ya kusoma 40 na ya kuandika 15. Alama kamili ni 300, na anayefikisha 180 amefaulu. Kwa hesabu ya kawaida, mtahiniwa anaweza kukosa mambo manne katika kila kumi yanayotoka katika hazina ya maneno 1,200, na bado akapewa cheti. Isitoshe, mtihani huo hauna sehemu ya kuzungumza, kwani uzungumzaji hupimwa kwa mtihani mwingine wa pekee. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuwa na cheti cha ngazi ya nne bila kuwahi kumweleza mtu yeyote kwa Kichina kwamba umeme wa chumbani umekatika.

Linganisha na mahitaji ya darasa. Kitabu cha mwaka wa kwanza cha mekanika hakikuandikwa kwa kuzingatia orodha ya maneno 1,200, na mhadhiri hazungumzi kwa mwendo wa sauti iliyorekodiwa kwa ajili ya mtihani. Wenye kuandaa viwango wenyewe wanalijua pengo hilo. Viwango vipya vilivyoanza kutumika Julai 2021 vimeigawa safari ya Kichina katika ngazi tisa, zenye jumla ya maneno 11,092 na herufi 3,000. Mtihani wa ngazi tatu za juu, yaani ya saba hadi ya tisa, ulifanywa kwa mara ya kwanza Novemba 2022.

Matokeo ya pengo hilo huonekana katika muhula wa kwanza wa shahada. Mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza katika darasa lake huko Gitega au Huye hujikuta akinakili ubaoni asichokielewa, kisha usiku akitafsiri ukurasa mmoja wa kitabu kwa saa tatu kwa msaada wa simu. Hesabu anazijua. Kinachomshinda ni sentensi inayotangulia hesabu.

Sauti ambazo Kiswahili hakina

Kichina sanifu kina toni nne, pamoja na silabi hafifu isiyo na toni. Silabi *ma* ikitamkwa kwa sauti ya juu iliyonyooka ni mama. Ikipanda ni katani. Ikishuka kisha ikapanda ni farasi. Ikishuka kwa ghafula ni kukemea. Huo ndio mfano unaotolewa katika kila kitabu, na wanafunzi huuzoea upesi kwa sababu hakuna anayezungumza juu ya farasi na katani kila siku. Ugumu wa kweli uko katika maneno ya kawaida. *Mǎi* ni kununua na *mài* ni kuuza. *Shuǐjiǎo* ni maandazi ya nyama yanayochemshwa, na *shuìjiào* ni kulala usingizi. Anayetaka kusema “naomba kuuliza” husema *qǐng wèn*. Toni ya neno la pili ikiteleza, huwa amemwomba mwalimu wake busu.

Katika darasa la kemia, utani huo huisha. Klorini ni *lǜ* na alumini ni *lǚ*. Silabi ni ileile, irabu ni ileile, na kinachotenganisha gesi ya sumu na bati la kuezekea ni mwelekeo wa sauti peke yake.

Mzungumzaji wa Kiswahili huingia katika jambo hili bila silaha. Kiswahili si lugha ya toni. Mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno ambayo mkazo hubadili maana yake, kama *barabara* ya magari na *barabara* yenye maana ya sawasawa, ni machache mno. Lakini eneo la Maziwa Makuu lina hazina ambayo wanafunzi wengi hawajui kuwa wanayo. Kirundi, Kinyarwanda, Kiganda na Kilingala zote ni lugha za toni. Kwa Kilingala, *kokoma* ni kuandika, ilhali *kokóma*, kwa kupandisha sauti katikati, ni kufika. Mtu aliyelelewa katika lugha ya namna hiyo ameshalizoesha sikio lake kwamba kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kugeuza maana ya neno. Toni za Kichina ni za namna nyingine, kwa sababu sauti husafiri ndani ya silabi moja, lakini wazo lenyewe si geni kwake. Inasikitisha kwamba kijana wa Kinshasa au Bujumbura huanza Kichina kwa kufundishwa kupitia Kiingereza au Kifaransa, lugha mbili ambazo haziwezi kumsaidia hata kidogo katika jambo hili, huku lugha ya nyumbani kwao ikiachwa mlangoni.

Gari la moto na gari la moshi

Baada ya sauti huja herufi. Mwaka 1958 China iliidhinisha mfumo wa kuandika matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini, uitwao pinyin, na ngazi mbili za mwanzo za HSK huwekewa maandishi hayo juu ya herufi za Kichina. Kuanzia ngazi ya tatu msaada huo huondolewa. Orodha rasmi iliyotolewa na serikali mwaka 2013 ina herufi 8,105, na kati ya hizo 3,500 ndizo zinazohesabiwa kuwa za matumizi ya kila siku.

Hofu hupungua mwanafunzi anapotambua kwamba herufi hazikutupwa ovyo. Nyingi zimeundwa kwa sehemu mbili, moja ikidokeza maana na nyingine matamshi. Katika kemia jambo hili lina manufaa ya pekee: oksijeni, haidrojeni, naitrojeni na klorini, kila moja huandikwa kwa herufi yenye alama ya hewa, na metali nyingi, kuanzia chuma hadi alumini, huwa na alama ya metali upande wa kushoto. Mwanafunzi aliyesahau jina la elementi anaweza angalau kujua kwa macho kwamba ni gesi au ni metali, jambo ambalo jina la Kiingereza halimwambii.

Maneno nayo hujengwa kwa kuunganisha mawazo. Kompyuta ni “ubongo wa umeme”, simu ni “maneno ya umeme”, na treni ni *huǒchē*, yaani “gari la moto”. Waswahili, waliposhuhudia chombo kilekile, waliona kile kilichotoka juu yake wakakiita gari la moshi. Lugha mbili zisizo na udugu zilikitazama kitu kimoja zikakipa jina karibu kwa njia moja.

Sarufi ndiyo sehemu inayomhurumia mgeni. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa nafsi wala kwa wakati, na nomino haina umoja na wingi. Badala yake kuna maneno ya kuhesabia, ambayo hutofautiana kulingana na umbo la kitu: vitu virefu kama mto, barabara, samaki na suruali vina neno lake, na vitu bapa kama karatasi, meza na tiketi vina lao. Mtu aliyekua na ngeli za Kibantu haoni ajabu kwamba vitu hupangwa kwa makundi. Kinachomsumbua zaidi ni tarakimu, kwa kuwa Kichina huhesabu kwa mafungu ya elfu kumi na si ya elfu. Milioni moja husemwa “mafungu mia moja ya elfu kumi”, na hata wakalimani wazoefu hutua kidogo hapo kabla ya kutaja bei.

Kuna hatari moja ya siku hizi. Kwenye simu na kompyuta mwanafunzi huandika matamshi kwa herufi za Kilatini, kisha huchagua herufi ya Kichina inayojitokeza kwenye kioo. HSK yenyewe inaweza kufanywa kwa kompyuta kwa njia hiyo. Hivyo mtu huweza kufika mbali akizitambua herufi bila kuweza kuziandika, hadi siku ya mtihani wa chuo anapopewa karatasi tupu na kalamu.

Kichina cha kitabu na Kichina cha mtaani

Kinachofundishwa darasani ni Kichina sanifu, ambacho matamshi yake yamejengwa juu ya lahaja ya Beijing. Nje ya lango la chuo hali ni nyingine. Guangzhou wenyeji huzungumza Kikantoni, lugha ambayo kimatamshi iko mbali na Kichina sanifu kiasi cha kutoeleweka na aliyejifunza hicho pekee. Katika sehemu nyingi za kusini watu husema Kichina sanifu kwa lafudhi ya kwao, wakichanganya sauti *s* na *sh*, hata nne na kumi zikakaribiana sikioni. Mhadhiri naye ametoka mahali fulani. Mwanafunzi aliyezoea sauti safi ya mwalimu wake wa lugha hushtuka anapokutana na profesa wa mkoani ambaye hajawahi kufundisha wageni, na hana nia ya kupunguza mwendo kwa ajili ya watu wawili kati ya themanini.

Lugha ndiyo pia ufunguo wa mambo ya sheria. Anayeingia China kwa viza ya masomo ya zaidi ya siku 180 anapaswa kuomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Anayeishi nje ya hoteli hutakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24, kazi ambayo kwa wanaokaa bwenini husimamiwa na chuo. Kufanya kazi nje ya chuo bila idhini ya chuo na bila kibali kuandikiwa hivyo ni kosa, hata kama kazi yenyewe ni kufundisha watoto Kiingereza mwishoni mwa wiki. Wanafunzi kadha wa kadha huingia matatani kwa kutoelewa tangazo lililotolewa kwa Kichina katika kundi la simu la darasa, wala si kwa ukaidi.

Lalamiko lenye umri wa miaka sitini

Suala hili si jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, China iliwapokea wanafunzi wa Kiafrika kutoka nchi kadhaa, wakiwemo Wazanzibari. Emmanuel Hevi, Mghana aliyesoma Beijing wakati huo, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1963 akieleza kwamba kati ya Waafrika 118 waliokuwapo, 96 walikuwa wameondoka au walikuwa njiani kuondoka kufikia mwaka 1962. Miongoni mwa sababu alizozitaja ni ubaguzi wa rangi, kufuatiliwa, na siasa za kulazimishwa. Ugumu wa lugha na udhaifu wa masomo vilikuwamo pia katika orodha hiyo. Kitabu hicho kilipendwa sana na wapinzani wa China wakati wa Vita Baridi, na hilo halina budi kuzingatiwa na anayekisoma. Lakini wanafunzi waliofunga mizigo walikuwa watu wa kweli.

Miaka kumi baadaye hali ilikuwa tofauti. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli, wakati Reli ya TAZARA ikiwa bado inajengwa. Hao walikuwa na kitu ambacho wenzao wa mwanzo hawakukipata: kazi inayojulikana iliyokuwa ikiwasubiri nyumbani, na masomo yaliyopangwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Janga la korona lilileta jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Machi 2020 China ilifunga mipaka yake kwa wageni wengi wenye viza, na wanafunzi waliokuwa likizo makwao walibaki huko hadi utoaji wa viza za masomo uliporejea Agosti 2022. Wengi walimaliza mwaka wa lugha mbele ya simu. Kipindi cha saa mbili asubuhi Beijing kilikuwa saa nane usiku Bujumbura na saa tisa usiku Kampala. Toni zilizopita katika mtandao unaokatika-katika zilifika zikiwa zimevunjika, na mwalimu aliyekuwa akisahihisha matamshi kwa kutazama kinywa cha mwanafunzi alitazama kioo chenye giza, kwa kuwa kamera zilizimwa ili kuokoa vifurushi vya intaneti.

“Lakini nitasoma kwa Kiingereza”

Wapo wanaoamini kwamba wameliepuka tatizo lote kwa kuchagua kozi inayofundishwa kwa Kiingereza, hasa udaktari. Imani hiyo ina ukweli nusu. Kanuni za ubora wa elimu ya wageni zilizotolewa na wizara ya elimu ya China mwaka 2018 zinataka hata wanaosoma kwa lugha za kigeni wafikie kiwango fulani cha Kichina kabla ya kuhitimu.

Wodi, hata hivyo, ina masharti yake. Mihadhara ya anatomia huwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa mzee wa wilayani anaeleza maumivu yake kwa lahaja ya kijijini, jalada lake limeandikwa kwa Kichina, na daktari mkuu huzungumza na wauguzi kwa Kichina. Mwanafunzi asiyeijua lugha husimama nyuma ya wenzake akitazama. Akirudi nyumbani, baraza la madaktari la nchi yake litampima kabla ya kumsajili, na halitamuuliza Kichina. Litamuuliza ni wagonjwa wangapi aliowahudumia na alijifunza nini kwao. Hapo ndipo upungufu wa lugha huonekana kama upungufu wa udaktari.

Lugha hii inalipa wapi?

Kwa waliovuka kizuizi hicho, nafasi zipo, ingawa si zote zinafanana na ndoto za uwanja wa ndege. Reli ya Mombasa hadi Nairobi iliyozinduliwa Mei 2017 ilijengwa na kampuni ya Kichina, na Wakenya walipelekwa katika Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Beijing kusomea uhandisi wa reli. Katika miradi ya namna hiyo, mhandisi anayeweza kusoma mchoro wenye maelezo ya Kichina na kubishana juu yake na msimamizi wa zamu ana thamani tofauti na anayesubiri mkalimani.

Upande wa pili ni biashara. Katika mji wa Yiwu, mkoani Zhejiang, penye soko kubwa la bidhaa ndogondogo, na huko Guangzhou, wafanyabiashara wa Kariakoo, Kampala na Lubumbashi huhitaji mtu wa kuwapigania bei, kukagua mzigo na kusoma mkataba. Wanafunzi wengi wa Kiafrika huonja kazi hiyo, na baadhi hubaki nayo kabisa. Ni kazi halali kwa mwenye kibali, na huwafaa wengi, lakini ni vigumu kutojiuliza iwapo mtu aliyepelekwa kusomea uhandisi wa maji amefika pale kwa kuchagua au kwa sababu darasa lilimshinda.

Ualimu nao unafunguka polepole. Taasisi ya kwanza ya Confucius barani Afrika ilianza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Kenya ilitangaza mwaka 2019 mpango wa kuingiza Kichina katika mtaala wa shule za msingi, na Uganda ilikianzisha mwaka huohuo katika baadhi ya shule za sekondari. Walimu wa Kiafrika wanaoweza kueleza toni kwa mfano wa Kiganda au Kinyarwanda bado ni haba kuliko wanaotoka China.

Kabla ya kupanda ndege

Jambo lililo katika uwezo wa mwombaji ni kuanza mapema. Taasisi za Confucius zipo Kigali, Bujumbura, Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Dodoma, na huko mtu huweza kujifunza ngazi za mwanzo kwa mwalimu anayemsikia ana kwa ana. Anayewasili China akiwa tayari na maneno 300 au 600 huutumia mwaka wa maandalizi kukimbilia ngazi ya tano badala ya kuhangaika kuifikia ya nne, na tofauti ya ngazi hizo mbili, kama ilivyoonekana, ni maneno 1,300. Serikali zinazowaaga wanafunzi kwa sherehe na picha zingeweza kuugeuza muda wa kusubiri viza kuwa muda wa masomo ya lugha kwa gharama ndogo kuliko tiketi moja ya ndege.

Yako mambo mawili ya karatasi. Mtihani wa kuzungumza ni mtihani tofauti na HSK, na baadhi ya ufadhili, hasa wa walimu watarajiwa wa Kichina, huutaka pia. Na matokeo ya HSK hutambuliwa kwa miaka miwili tu katika maombi ya kujiunga na vyuo vya China. Aliyeufanya mapema mno, kisha akakaa nyumbani akisubiri ufadhili hadi mwaka wa tatu, hulazimika kuufanya upya.